Mkwe Hatanii Makaburini

Kicheko kilitangulia. Kilitoka nyuma ya mihogo, kikapanda na barabara ya udongo inayoingia Mbwawa, kikawafikia wenye nyumba kabla hawajaona gari wala vumbi lake. Baada ya kicheko ikaja honi, na baada ya honi sauti ya mtu akiimba peke yake kana kwamba yuko mbele ya ukumbi uliojaa.

"Mkweo huyo, Mjomba," Dina alisema huku akiweka ndoo ya maji na fagio mbili kando ya mlango.

"Bado hajawa mkwe," alijibu Mjomba Kitwana bila kugeuza shingo. "Huyo kwa sasa ni Mnyamwezi tu anayetupigia kelele."

Gari likatokea. Sospeter akashuka akiwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa hata mbu angeteleza, akainama mpaka magotini. "Shikamoo, Mjomba. Nasikia Wazaramo leo mmeamka kabla ya saa nne. Kuna ngoma wapi?"

"Marahaba, mla panya wee," alisema mzee, na meno yake yote yakaonekana.

Kazi ya Sospeter ilikuwa ulimi. Kuanzia Mlandizi mpaka Kongowe hapakuwa na harusi yenye jina ambayo hakushika kipaza sauti. Mashairi alijifunza mwenyewe, bila mwalimu, akijipimia mizani kwa vidole gizani kitandani, na sasa angeweza kukutungia ubeti wakati wewe bado unajikuna kichwa. Alilijua hilo, tena alilijua kupita kiasi. Mtu akimsifu kwamba ana kipaji, yeye alikuwa ameshajisifu asubuhi ile mbele ya kioo.

Baba yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, akaishia kuoa na kuzikwa Kibaha. Kwa hiyo Sospeter alikuwa Mnyamwezi, na kila mtu wa Pwani anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mnyamwezi akiingia kwenye msiba wa Mzaramo haulizwi. Anaweza kuiga kikohozi cha marehemu, anaweza kujilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatiririka. Si dharau. Ni haki yake, na kwa wenye majonzi ni dawa. Sospeter aliipenda haki hii kuliko zote alizokuwa nazo.

Ila alikuwa amempenda pia Dina, mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa maneno machache ambaye akikutazama unajikuta unarekebisha kola. Na ukoo wa kina Dina ulikuwa na desturi yake. Posa ikishapokelewa, kabla ndoa haijatangazwa kanisani, mwoaji huzungushwa makaburini na kuonyeshwa kwa waliolala. Tatizo ni kwamba waliolala wametawanyika. Wako Mbwawa, upande wa baba wa Dina waliohamia huku. Wako Maneromango, kwenye makaburi ya misheni ya Kilutheri. Na wako Vihingo, upande wa mama yake, ambao ni Waislamu. Ndiyo maana safari ilikuwa ya siku nzima, na ndiyo maana Mjomba Kitwana, kaka wa marehemu mama yake Dina, alifunga duka lake la Kisarawe akaja kulala Mbwawa.

Kabla hawajaondoka uani, mzee alimshika Sospeter begani.

"Nisikilize, baba. Hapa Mbwawa wewe ni mtani wetu, sema utakalo. Lakini tukifika Maneromango nitakutaja kwa wazee. Nikishakutaja, umekuwa mkwe. Mtani anacheka na maiti. Mkwe anainamisha kichwa. Mkwe hatanii makaburini."

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Umeelewa au umesikia?"

"Basi niache nishibe hapahapa," alisema Sospeter, na Dina akatikisa kichwa.

Makaburi ya Mbwawa zamani yalikuwa kichakani. Siku hizi yamebanwa na viwanja vipya. Upande mmoja kuna msingi wa nyumba uliootewa na nyasi, upande wa pili matofali yamepangwa hadi karibu yaguse mawe ya wakata mkonge wa zamani, ambao majina yao yalichorwa kwa msumari kwenye saruji mbichi. Walifagia kaburi la Babu Vicent, baba wa baba yake Dina, wakalinyunyizia maji. Kisha Sospeter akapiga makofi mara moja.

"We Mzaramo, amka! Watu wameshapima kiwanja mpaka kwenye nyayo zako, wewe umelala tu! Kesho jirani akichimba choo kichwani pako, utasema hukupewa taarifa?"

Mjomba Kitwana alicheka mpaka akashika jiwe la jirani yake Babu Vicent asianguke. Dina naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kwa kweli ulikuwa utani mzuri, na ulisemwa mahali pake. Ubaya wa kitu kitamu ni kwamba ulimi haujui umeshiba.

Wakashika barabara ya Mlandizi, kisha wakakunja kuelekea kusini. Lami ikawaaga. Gari likaanza kuruka mashimo, mihogo ikawa mikorosho, mikorosho ikawa pori. Mjomba Kitwana, aliyekaa mbele, alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake mapajani.

"Sospeter," alisema hatimaye. "Kuna jambo la Vihingo nataka ulijue kabla hatujafika. Pale kuna kaburi la mdogo wangu, Halidi. Sasa kaburi lile…"

"Mjomba, tutalikuta!" Sospeter alidakia. "Mzaramo akishalala halafu ahame? Nyie hata mkiwa hai kuhama kunawashinda, mnangoja nazi idondoke mlipo!"

Mzee akacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho na kwa sababu bado ulikuwa wakati wa utani. Kisha mbele yao likatokea lori la mkaa limekwama katikati ya njia, wakashuka, wakasukuma, wakachafuka, na walipopanda tena maneno ya mzee yalikuwa yamebaki pale kwenye tope. Dina, aliyekuwa nyuma, alidhani mjomba wake atayarudia. Mjomba naye alidhani Dina alikwishamwambia mchumba wake siku nyingi. Haya ni mambo ambayo ndani ya familia kila mmoja humwachia mwenzake, kwa vile hakuna anayetaka kuyatia mdomoni.

Maneromango waliwakuta Wajerumani wa zamani wamelala kwa mstari, wenye misalaba ya chuma iliyokula kutu na maandishi yaliyojaa ukungu wa kijani. Wengine walikufa kwa homa wakiwa hawajamaliza mwaka. Kulikuwa na vikaburi vya watoto wao, vifupi, vimezungushiwa mawe meupe. Na mstari uliofuata, bila ukuta wala uzio, walilala wainjilisti wa kwanza wa Kizaramo na wake zao, udongo uleule, nyasi zilezile. Upepo ulikuwa umesimama.

Mjomba Kitwana alivaa kofia yake ya kufuma, akasimama katikati ya misalaba, na wala hakuna aliyeona ajabu, maana Kisarawe shemeji na shemeji hugawana Idi na Krismasi. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeingia chumbani kwa mgonjwa:

"Mwinjilisti Hilario. Mama Juliana. Eliya, shemeji yangu, baba yake Dina. Ninyi nyote. Mimi ni Kitwana wa Vihingo, mnanijua. Huyu ni Sospeter, mwana wa Godbless, asili yake Tabora. Amekuja kumchukua mtoto wenu kwa heshima. Tangu sasa si mtani tena. Ni mkwe wenu. Mpokeeni."

Nywele zilimsimama Sospeter shingoni. Aliinamisha kichwa, na moyoni akajiona amekuwa mtu mwingine. Wakati wa kutoka alijikwaa kwenye jiwe lililofunikwa na nyasi. Ukucha wa kidole gumba ukanyanyuka, damu ikajaa kandambili. Dina alichana kipande cha kitambaa akakifunga kidole akiwa amechuchumaa, na mikono yake ilikuwa mepesi kama ya mtu anayefunga zawadi.

"Pole, baba Tabora," alimnong'oneza.

"Nimeshapoa," alisema yeye, na alikuwa anasema kweli.

Jua lilikuwa limepinda walipofika Vihingo. Makaburi ya huko yako kando ya msitu. Hayana majina, yana vibao tu vya mti mgumu na bakuli za kale zilizopasuka, ambazo wazee walizipachika kichwani pa wafu wao. Bibi Firdausi, mama mzazi wa Mjomba Kitwana, alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni, miguu ameinyoosha, fimbo mapajani. Ndiye aliyemlea Dina baada ya mama yake kufa, na ndiye ambaye neno lake la mwisho lilikuwa linangojwa. Akisema ndiyo, Jumapili inayofuata ndoa ingetangazwa.

Lakini hakuwa peke yake. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mkwe anakuja, tena yule mshereheshaji wa Kibaha. Walisimama kinamama na watoto mgongoni, walisimama vijana wa pikipiki, walisimama wazee waliotoka msikitini. Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Watu wakizidi wanne, ulimi wa Sospeter ulikuwa unaota miguu.

"Mnyamwezi!" kijana mmoja aliita. "Mbona umepoa? Wasalimie Wazaramo basi!"

"Au Kibaha unalipwa ndiyo unachekesha?" mwingine akaongeza.

Watu wakaguna kwa kicheko. Sospeter akatabasamu. Mbele yake palikuwa na kaburi moja tofauti na mengine: udongo wake ulikuwa bado mwekundu, nalo lilikuwa fupi, halifiki hata urefu wa mkeka. Mjomba Kitwana alikuwa ameinama akivua viatu. Dina alifungua mdomo, lakini alichelewa kwa pumzi moja tu. Mkono wa Sospeter ulikwishapanda juu kama umeshika kipaza sauti.

"Jamani, huyu Mzaramo wa wapi, kaburi lake mbona fupi hivi? Ah, nimejua! Hayumo! Mwenyewe ametoka kwenda ngomani. Mwacheni, ngoma ikiisha atarudi!"

Vijana wawili walicheka, kisha wakaona wamecheka peke yao. Mama mmoja alijifunika uso kwa upande wa ushungi. Mjomba Kitwana alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi, hakunyooka.

Bibi Firdausi alisimama bila kushikwa na mtu. Alimsogelea Sospeter mpaka fimbo yake ikagusa kile kidole kilichofungwa.

"Umesema hayumo?"

"Bibi, shikamoo, nilikuwa…"

"Umesema atarudi?"

"Ni utani, Bibi."

"Nani alikwambia kwamba hamna mtu humu?"

Sospeter alitazama huku na huku. "Hakuna aliyeniambia, Bibi. Naapa."

"Basi!" alisema Bibi Firdausi, na uso wake ukafunguka kama dirisha lililokuwa limepigiwa misumari. Aliwageukia watu wote. "Mmesikia? Hakuna aliyemwambia! Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema na waliolala, na mtani amelitazama kaburi kasema hayumo. Nami niliwaambia. Nilikuwa nawaambia siku zote, mkaniona mzee nimechoka akili." Akaanza kutembea kuelekea nyumbani, haraka kuliko alivyotembea kwa miaka. "Dina, mwanangu, harusi ingoje. Mjomba wako anakuja."

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, Mjomba Kitwana ndiye aliyeeleza, na alieleza akitazama kioo cha mbele. Halidi aliondoka Vihingo kabla Dina hajaanza shule, akaenda kuchimba vito kusini. Baadaye ikaja habari kwamba shimo liliwafunika yeye na wenzake, na hakuna aliyetolewa. Mama yao alikataa. Alikataa sala, alikataa matanga, kila Idi alimwekea mwanawe sahani. Mwaka jana tu, baada ya mashehe na majirani kumsihi mpaka wakachoka, alikubali Halidi asaliwe sala ya ghaibu. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walichimba shimo fupi, wakaweka kanzu yake na kofia yake, wakafukia.

"Na hakulia," alisema mzee. "Alitazama tu. Lakini alikuwa ameanza kulala usiku. Ameanza kula. Ndilo nililotaka kukwambia njiani, ukaniletea nazi."

"Mjomba, nisamehe. Nirudi sasa hivi nimwambie…"

"Umwambie nini?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Mimi nilimzika mdogo wangu bila kumwona. Wewe umemfufua kwa neno moja ili vijana wa pikipiki wacheke. Siwezi kumzika mara ya pili. Aliyemfufua amzike."

Waliposhuka, Dina alimgeukia. "Sina hasira na wewe, Sospeter," alisema. "Afadhali ningekuwa nayo, hasira inaisha."

Habari za Vihingo ziliendelea kuja, na kila moja ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Bibi Firdausi amepaka chokaa chumba cha Halidi. Bibi Firdausi anapika sahani ya ziada mchana na usiku. Bibi Firdausi anashinda barabarani, kila gari likipunguza mwendo anasimama. Mchungaji aliuliza kuhusu tangazo la ndoa, akaambiwa asubiri. Asubiri nini, hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu Bibi alikuwa anamngoja mtu asiyekuja, na harusi ikawa imefungwa kwenye mguu wa mtu huyo.

Ukucha wa Sospeter uliota mwingine. Kidole kilipona, akakisahau. Lakini kila aliposhika kipaza sauti kwenye harusi za watu na kuwaona wakicheka, aliuona uso wa Bibi ulivyofunguka, akapoteza ubeti katikati.

Hatimaye akaamua kwenda. Ila kiburi hakifi siku moja. Alijifungia akatunga utenzi wa kuomba radhi, akaupiga msasa kila mstari, mpaka akaamini kwamba jiwe lenyewe lingeusikia lingelainika. Alikwenda Vihingo na Dina na Mjomba Kitwana, akapiga goti mbele ya mkeka wa Bibi Firdausi, akaughani wote kwa kichwa. Ulikuwa mzuri. Wanawake jikoni waliacha kupepeta wakasikiliza. Ulisema juu ya ulimi usio na mfupa, ukasema juu ya subira na rehema.

Bibi Firdausi alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake.

"Mashallah. Umesema vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Sasa Halidi atafika lini?"

Sospeter alibaki amepiga goti. Alimtazama Mjomba Kitwana, mzee akageuza uso. Alimtazama Dina, Dina hakugeuza, lakini hakumsaidia. Ndipo alipoelewa kwamba yale maneno yote mazuri yalikuwa kuta, na yeye amejificha nyuma yake. Akayaacha. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, haina mizani wala vina.

"Bibi, mimi sijui kitu."

"Ulijua kwamba hayumo."

"Sikujua. Nilisema tu."

"Hakuna mtu anayesema tu makaburini."

"Mimi ndiye. Kila nikienda kwenye msiba wa Wazaramo nasema hivyohivyo, Bibi. Marehemu hayumo, ametoka kwenda ngomani. Nimesema Mlandizi, nimesema Kongowe, nimesema msibani kwa rafiki yangu. Ni utani wangu wa siku zote. Hata kaburi likiwa refu huwa nasema." Jasho lilikuwa linamtoka. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba vichekesho vyake huvirudia. "Siku ile niliwaona watu wengi, nikataka wacheke. Nilikuwa nimeshatajwa kwa wazee kuwa ni mkwe, nikasahau. Sijasikia chochote kutoka kwa Halidi. Hakuna aliyesikia. Halidi alifunikwa na shimo, Bibi. Hatarudi."

Mjomba Kitwana alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba. Bibi Firdausi aliinua fimbo, na Sospeter akafumba macho kuipokea. Haikushuka.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema bibi kizee.

"Hakuna, Bibi."

"Na wewe hujui."

"Sijui."

Fimbo ikaanguka yenyewe. Kisha Bibi Firdausi akalia. Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa kujikaza. Alilia kama mwanamke kijana aliyeletewa habari asubuhi ileile, akiita jina la mwanawe, akimuuliza kwa nini hakuaga vizuri, kwa nini alikwenda na kanzu moja akaacha nyingine. Wanawake walitoka jikoni mbio. Mjomba Kitwana alimpigia mama yake magoti, wakashikana, na mzee yule wa duka la Kisarawe naye akalia, maana na yeye alikuwa hajapata ruhusa ya kumlilia mdogo wake.

Jioni ile mikeka ikatandikwa uani. Matanga ya Halidi yaliyokuwa yamecheleweshwa kwa umri wa binti mzima yalikaliwa. Watu wa Vihingo walikuja na mchele, na kuni, na mihogo. Sospeter alikaa upande wa wanaume, pembeni kabisa, akichota maji alipoambiwa, akipasua kuni bila kuambiwa. Wale vijana wa pikipiki walikuja pia. Mmoja wao, akidhani anafanya wema, alimsogelea.

"Mnyamwezi, kuna huzuni kubwa hapa. Tuchekeshe kidogo basi. Si kazi yako?"

Watu waligeuka kumtazama. Ulikuwa umati wa kutosha, na kichekesho kilikuwa kimeshafika mdomoni, tena kizuri. Alikihisi kikigonga meno kikitaka kutoka. Akakimeza.

"Mwite mtani mwingine," alisema. "Mimi hapa ni mfiwa."

Mjomba Kitwana, aliyekuwa akizungusha kikombe cha kahawa, alisikia. Alikileta kile kikombe kilichokuwa cha wazee, akamkabidhi Sospeter kwa mikono miwili.

Matanga yalipoanuliwa, Bibi Firdausi aliomba apelekwe kwenye lile kaburi fupi. Alikwenda akiegemea bega la Dina. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa yanatazama kitu kilichoko mbele yake na si barabarani. Aliomba dua, akapangusa uso kwa viganja.

"Sikuzuia ndoa kwa hasira," alisema bila kumtazama mtu. "Nilimngoja mjomba wake, mwenye haki ya kusimama harusini. Sasa hakuna wa kungojwa. Kitwana, mwambie mchungaji wao atangaze."

Dina alishika mkono wa bibi yake akaubusu. Sospeter alitaka kushukuru, lakini bibi kizee aliinua kidole.

"Ngoja, wewe. Siku ya harusi yako cheka, na wachekeshe watu mpaka wasahau chakula, maana Mungu kakupa. Lakini hapa umenitoa mwanangu kaburini, ukamrudisha, yote kwa mdomo. Mdomo wa namna hiyo siuachi uondoke hivihivi. Niahidi kitu. Tena usiniletee shairi."

Sospeter alivua viatu. Aliinama juu ya udongo mwekundu, akauweka mkono wake hapo, akasema kwa sauti ambayo kila aliyesimama aliisikia:

"Bibi Firdausi, nakuahidi, na wewe Mjomba Halidi nakuahidi, ingawa hatukuonana. Penye wafu wa watu nitauliza kwanza ndipo niseme, na nisipojua nitanyamaza, hata kama dunia nzima inangoja nicheke nayo; kwa maana nimejionea mwenyewe kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."